Wimbo wa Wazee Mdomoni mwa Watoto

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya mambo tuliyoachiwa na wazee: mitego ya Wagenia kwenye maporomoko, lituma na namna ya kuitwanga, mahari, kilio na desturi zake. Safari hii tunawaomba wasomaji watuvumilie, kwa sababu tunataka kuandika juu ya rapu. Tunajua wengine watauliza: rapu na mila, wapi na wapi? Sisi pia tuliuliza vile. Tulikuwa tukiwaona vijana wa Mangobo na Kabondo wamegeuza kofia nyuma, wanasema haraka haraka kama watu wanaogombana, tukasema hayo ni mambo ya Wamarekani, yatapita. Lakini kuna jioni moja ya mwaka 2012 ambayo ilitugeuza. Jioni ile tulikaa pamoja, wazee, wamama na batoto, tukasikiliza albumu ya Baloji inayoitwa Kinshasa Succursale. Baadhi ya waliokuwa pale wamekwisha kututoka. Tunaona ni heri tuandike tungali tunakumbuka.

Sisi ni kundi dogo: walimu, wauguzi, makarani waliostaafu, wamama wa soko, pamoja na watoto wetu wanaosoma. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ndani ya lupango la mmoja wetu kule Mangobo, chini ya mwembe. Kila mkutano una mada. Mwezi ule mada ilikuwa "Nyimbo za Uhuru", na tulikuwa tumemwomba Muzee mmoja, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na sita mwaka 1960, atusimulie namna uhuru ulivyoimbwa hapa mjini, enzi zile mji ukiitwa bado Stanleyville.

Kabla Muzee hajaanza, binti wa mmoja wetu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, akainua mkono. Alisema: "Bapapa na bamama, mbele ya Koko kusema, niko na mwimbo mumoja hapa ndani ya kle. Inahusu ile uhuru yenu." Tulicheka. Umeme ulikuwepo siku ile, jambo ambalo mtu wa Kisangani halichukui kama haki yake, basi tukasema tuutumie kabla haujakatwa. Akachomeka kle yake kwenye redio.

Kwanza alitueleza mwimbaji ni nani. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Akiwa bado mtoto mdogo sana baba yake alimpeleka Ubelgiji, na mama yake akabaki Kongo. Kule Liège akaingia katika kundi la rapu lililoitwa Starflam, likapata sifa. Halafu siku moja ikamfikia barua kutoka kwa mama yake, ambaye hakuwa amepata habari zake tangu mwaka 1981. Hakuijibu kwa barua. Aliijibu kwa albumu nzima, Hotel Impala, iliyotoka mwaka 2007, ambamo anamsimulia mama yake maisha ambayo mama hakuyaona. Kisha akaja Kongo kumpelekea mkononi. Na baada ya hapo akaenda Kinshasa, akazirudia baadhi ya nyimbo zile pamoja na wanamuziki wa huko, akaongeza nyingine, na ndipo ikapatikana Kinshasa Succursale, maana yake Tawi la Kinshasa. Ilianza kutoka mwaka 2010, nchi ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru.

Wamama walishikwa na habari ya barua. "Miaka mingapi bila habari ya mutoto?" aliuliza mmoja. Tukahesabu: zaidi ya miaka ishirini. Akatikisa kichwa, akasema huyo mama alikuwa na moyo wa jiwe, la sivyo angekuwa amekufa.

Lakini jina lilituletea maneno. Kwa masikio yetu Baloji ni sawa na balozi, na balozi katika Kiswahili cha kwetu si mtu wa serikali anayekaa nchi za nje kama wanavyosema watu wa pwani. Kwetu mulozi ni mchawi, na balozi ni wachawi. "Mutu anajiita balozi, halafu tunamusikiliza usiku?" Kicheko kikubwa. Binti akaeleza kwamba Baloji mwenyewe amelisema jambo hilo mara nyingi: kwamba zamani jina lile lilikuwa la watu wenye elimu na dawa, na ukaja wakati wa ukoloni na misheni, mwenye dawa akageuzwa kuwa mchawi, na jina likaharibika pamoja naye. Wazee wakatulia. Jambo hilo walilijua. Wengi wao walikua wakikatazwa na misheni kupita hata mlangoni kwa mganga.

Tulianza na wimbo unaoitwa Karibu ya Bintou, ambao Baloji aliufanya pamoja na kundi la Konono N°1. Konono ni watu wa likembe, lakini likembe iliyofungwa kwenye vipaza sauti mpaka inalia kama bati. Hapo mambo yalikuwa mazuri. Hata wale ambao hawakupenda maneno walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema: "Ile ni likembe ya kwetu, isipokuwa imekasirika." Vijana wakafurahi kuona wazee wanafurahi. Tukadhani jioni itakwisha hivyo.

Kisha binti akaweka wimbo aliokuwa ameutaja tangu mwanzo. Una majina mawili: kwa Kifaransa Le jour d'après, na kwa Kiswahili Siku ya baadaye. Gitaa lilipoanza tu, wazee wote waliinua vichwa pamoja. Hawakuhitaji kuambiwa. Ulikuwa Indépendance Cha Cha.

Kwa wasomaji vijana tueleze kidogo. Mwezi wa kwanza mwaka 1960, viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye Meza ya Duara kuzungumza na Wabelgiji juu ya uhuru. Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alikwenda huko na African Jazz, na ndani ya kundi lile alikuwemo Docteur Nico mwenye gitaa. Ilipokubaliwa kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni 1960, Kabasele na wenzake wakatunga na kuupiga Indépendance Cha Cha huko huko Brussels. Ndani yake wanatajwa viongozi na vyama vilivyokuwa mezani. Na mmoja wa waliotajwa ni Lumumba, ambaye mwezi ule ule alikuwa kifungoni. Alikamatwa hapa hapa Stanleyville tarehe 1 Novemba 1959, baada ya mkutano wa chama chake na fujo zilizoua watu, akahukumiwa miezi sita mwezi wa Januari, na siku chache tu baadaye akatolewa ili apande ndege aende Brussels. Kwa hiyo wimbo ule, kwa watu wa mji huu, haukuwa wa kucheza tu. Ulikuwa habari. Jina la mfungwa wetu lilikuwa linaimbwa redioni kati ya majina ya wakubwa.

Sasa mtu afikirie: wazee wamesikia gitaa lile, nyuso zimefunguka, mmoja ameanza kuinuka acheze. Na badala ya sauti ya Kabasele, inaingia sauti ya kijana anayerapu kwa Kifaransa, akiipima furaha ya mwaka 1960 kwa maisha ya miaka hamsini iliyofuata, na haipi alama nzuri.

Muzee aliinua mkono. "Zima ile kitu."

Binti hakusikia vizuri. "Koko?"

"Nasema zima. Ule mwimbo si ya kuchezea."

Akazima. Kukawa kimya, mpaka tukasikia toleka inapita barabarani na kengele yake.

Muzee hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa amefundisha shule ya msingi karibu miaka arobaini, na nusu ya waliokaa pale alikuwa amewafundisha kusoma. Alikaa kidogo, akasema polepole, na tunaandika maneno yake kama tulivyoyakumbuka. Alisema baba yake alikuwa mtu wa bandarini. Hakuwa mtu wa kucheka. Nyumbani alitoka na kuingia kama askari. Siku wimbo ule uliposikika kwenye redio ya jirani, na jina la Lumumba likapita, baba yake aliweka chini sahani ya chakula akacheza. Alicheza peke yake, na viatu vya kazi miguuni. "Mimi na bandugu zangu tulijificha nyuma ya mulango kwa kumuangalia. Sikumuona tena kucheza. Mwaka 1964 walimuchukua, hakurudi. Sina picha yake. Ile mwimbo ndiyo picha." Halafu akasema: "Huyu mutoto ya Ulaya anasema siku iliyofuata. Siku iliyofuata ninaijua mimi. Hawezi kunifundisha."

Hakuna aliyekuwa na la kujibu. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, na baba yake alikuwa amekwisha kumwonyesha kwa macho kwamba aiondoe ile kle. Hapo ndipo tunasema wazi kosa letu: tulikuwa tayari kuufunga mkutano. Desturi inasema mzee akiumia, vijana wanaomba msamaha na maneno yamekwisha. Tungefanya vile, kila mtu angekwenda kwake na moyo wake.

Aliyetuokoa ni mwalimu mwingine, Mlokele wa upande wa Yakusu, ambaye kwa kawaida husema kidogo. Aliomba ruhusa kwa Muzee, akapewa. Akasema anataka kusema juu ya lokole, si juu ya rapu.

Alitukumbusha kwamba lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Haiigi herufi, inaiga kupanda na kushuka kwa maneno ya Kilokele. Sasa, maneno mengi yana kupanda na kushuka kule kule, kwa hiyo mpigaji akipiga neno moja peke yake, anayesikia mbali atapotea. Ndiyo maana mpigaji halisemi neno tupu. Analivalisha msemo mzima unaojulikana na watu wote, uliotoka kwa wazee, mrefu kiasi kwamba hauwezi kuchanganywa na mwingine. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake Talking Drums of Africa mwaka 1949, na wageni walishangaa, lakini wazee wetu hawakuona ajabu yoyote. Mpigaji hodari si yule anayetunga misemo yake mwenyewe. Ni yule anayechukua misemo ya zamani na kuifunga kwenye habari ya leo.

"Sasa," alisema, "hawa batoto wanafanya kitu gani? Wanachukua sahani ya wazee, wanakata kipande, wanafunga habari ya leo. Yote ni kazi moja. Bila ule mwimbo ya Kabasele hatungejua huyu anasema juu ya nini. Gitaa lilipolia, sisi wote tuliamuka. Angepiga gitaa yake mwenyewe, nani angeamuka?"

Binti alipata nguvu. Alisema hiyo ndiyo sheria ya hip-hop tangu ilipozaliwa Bronx, kule New York, miaka ya 1970: vijana maskini hawakuwa na vyombo, walikuwa na sahani za wazazi wao, basi wakazichukua. Hawakuzichukua kwa dharau. Ndicho kitu kilichokuwa nyumbani.

Mwalimu akaongeza neno moja ambalo limebaki kama methali kati yetu. Alisema zamani habari ilipita mtoni kijiji kwa kijiji. Aliyesikia lokole ya juu ya mto aliipiga tena kwa wa chini ya mto. "Kwetu lokole ikiita, kunyamaza si adabu. Kabasele aliita mwaka 1960. Nani alijibu? Sisi wote tulicheza. Hatukujibu. Huyu mutoto amejibu. Pengine amejibu vibaya, lakini amejibu."

Muzee hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza swali la mwalimu: "Siku ya baadaye, maana yake nini? Ni ile iliyopita, ao ni ile itakuja?" Tukabishana hapo karibu robo saa. Kifaransa kinasema wazi: siku iliyofuata, kesho yake. Lakini Kiswahili hakifungi mlango. Siku ya baadaye inaweza kuwa tarehe 1 Julai 1960, na inaweza kuwa siku ambayo bado haijafika. Muzee alipenda jambo hilo. Akasema: "Kama ni zote mbili, weka tena. Lakini huyu mutoto wa kike anigeuzie maneno. Kifaransa yake inakimbia."

Wimbo ukawekwa mara ya pili, na huu ndio usikilizaji hasa tunaotaka kuuandika. Binti alikuwa anausimamisha kila baada ya maneno machache, anawageuzia wamama na wazee kwa Kiswahili chetu, na kila aliposimamisha, mtu aliingiza neno. Wimbo wa dakika chache ulichukua karibu saa nzima. Mmoja alipinga: kijana aliyelelewa Ubelgiji anajua nini juu ya njaa ya hapa? Kijana mwingine alikubaliana naye, akasema sisi tunao warapu wetu, Alesh ni mtoto wa Kisangani, kwa nini tusianze na wa nyumbani? Mwingine akajibu kwamba aliyetolewa nyumbani akiwa mtoto naye ana haki ya kuuliza nyumba iliharibikaje. Hatukukubaliana, na hatukubaliani mpaka leo. Muzee alisikiliza yote amefumba macho. Gitaa liliporudi, mguu wake ulikuwa unapiga chini.

Ulipokwisha, mvulana mmoja wa sekondari, ambaye hakuwa amesema kitu jioni nzima, aliuliza kwa heshima kabisa: "Sasa ninyi bazazi, siku ya baadaye yenu ninyi, mulifanya nini?"

Tulidhani anauliza juu ya mwaka 1960. Hapana. Alikuwa anauliza juu ya mwaka 2000. Alizaliwa muda mfupi kabla ya vita ile. Alijua kuna vita ya siku sita kwa sababu watu wanasema "kabla ya siku sita" na "baada ya siku sita", lakini nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumkalisha chini kumweleza. Akiuliza, anaambiwa: hayo yamepita.

Wasomaji wa kijitabu hiki wanajua. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mara ya tatu baada ya Agosti 1999 na Mei 2000. Mabomu zaidi ya 6,600 yalianguka. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, wengine kama 1,700 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika. Haya yameandikwa. Lakini mvulana hakuuliza hesabu.

Kimya kilirudi. Halafu mama mmoja, muuza samaki wa soko, mtu wa utani ambaye ndiye aliyecheka zaidi juu ya jina la Baloji, akasema: "Nitajibu mimi." Tulimjua zaidi ya miaka kumi. Tulijua alikuwa na watoto watatu. Jioni ile ndipo tulijua kwamba walikuwa wanne. Alisimulia namna walivyolala chini ya kitanda siku nne bila maji, namna mtoto wake wa pili, wa miaka saba, alivyotoka mbio kuchota maji ya mvua katika sahani, na bomu likaanguka uani. Hakuna aliyejua limetoka upande gani. Walimzika uani usiku, bila jeneza, bila kilio. "Hatukulia," alisema, "kwa sababu kulia kunasikika." Na baada ya vita waliona haya kufanya kilio peke yao, kwa kuwa kila lupango lilikuwa na maiti wake. Basi hakikufanyika. Jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani.

Akalitaja. Hatutaliandika hapa. Alilitaja pamoja na jina la baba yake na jina la kijiji cha mama, na mwalimu Mlokele akasema kwa sauti ya chini kwamba hivyo ndivyo jina la lokole linavyoitwa: jina lako, jina la baba, na kwao na mama.

Wamama walianza kulia, kilio chenyewe, cha desturi, kwa sauti. Majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa. Tukawaambia ni mtoto wa miaka kumi na miwili iliyopita. Hawakushangaa. Waliketi chini pamoja nasi. Umeme ulikatwa karibu saa mbili, na hakuna aliyeondoka.

Hatutaki kusema kwamba rapu ilifanya yote haya. Msomaji anaweza kutuambia: angeuliza mtu yeyote, mama angejibu. Labda. Lakini tulikaa miaka kumi na miwili na hakuna aliyeuliza. Sisi ni watu tunaojua kilio, tuna nyimbo za kilio kwa kila kabila iliyoko Kisangani, na bado kwa wafu wale wa mwezi wa sita nyimbo zetu zilitukauka mdomoni. Vijana hawakuzirithi kwa sababu hatukuziimba. Wakachukua walichokipata. Tulipowalaumu kwamba wameacha mila, hatukujiuliza ni mila gani tuliyowapa kwa jambo hili.

Tangu mwaka ule, kila mwezi wa Juni tunaweka jioni moja ya kusema. Wazee na wamama wanasema, vijana wanaandika na kurekodi kwa simu, na mwishoni vijana wanatupa chao: shairi, mchezo, na mara nyingi rapu. Nyingine ni mbaya, tuseme kweli. Nyingine zinatufanya tukae kimya mpaka usiku. Sheria ni moja: aliyerapu juu ya jambo la mzee lazima kwanza amketi mzee miguuni alisikie, na mzee aliyesikiliza lazima ajibu, hata kwa kukataa.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwezi Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya vita zile. Watu wa Kisangani wamepanga mistari, wameandika majina kwenye karatasi za fidia, na hilo ni haki yao. Lakini jina lililoandikwa kwa ajili ya fidia na jina analoambiwa mtoto jioni nyumbani si kitu kimoja, na pesa zikija au zisije, la pili ni kazi yetu.

Na Baloji? Hakuacha. Mwaka 2018 alitoa albumu aliyoiita 137 avenue Kaniama, anwani ya mama yake Lubumbashi. Mwalimu Mlokele alipoambiwa alicheka sana: "Jina la baba alikuwa nalo tangu zamani. Sasa ameongeza kwao na mama. Jina la lokole limetimia." Mwaka 2023 filamu yake Augure, juu ya mtu anayerudi Kongo na kwao wanamhesabu mchawi, ilipata tuzo kule Cannes. Jina lile lile tulilolicheka chini ya mwembe, amelifanyia kazi mpaka dunia ikakaa kumsikiliza.

Muzee alitutoka mwaka 2019. Kwenye kilio chake wajukuu waliomba ruhusa ya kuweka nyimbo mbili, moja baada ya nyingine: kwanza ule wa Kabasele, halafu ule wa Baloji. Mashemeji waliotoka mbali walinung'unika, wakauliza ni kilio gani hiki cha cha-cha na rapu. Muuza samaki ndiye aliyesimama kuwaeleza. Aliwaambia habari ya mtu wa bandarini aliyecheza na viatu vya kazi miguuni, na mtoto wake aliyemwangalia nyuma ya mlango.

Maneno ya jioni zile za Juni tumeanza kuyakusanya katika daftari, pamoja na majina. Liko kwa katibu. Mwenye jina la kuongeza, au mwenye wimbo, tunakutana kama kawaida Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa kumi, chini ya mwembe ule ule.